Natafuta piyesi za kweli za kufufua moteri ya Canter 4D33, Lubumbashi na jirani

KamyoYaKasenga (Lubumbashi)

Salamu kwenu wote. Nina Canter ya Mitsubishi yenye moteri 4D33, silinda nne, ujazo wa sentimita 4,214. Ndiyo inayolisha nyumba yangu, watoto watano na mama yangu mzazi. Kipwa, yaani kiangazi, inaingia vijijini upande wa Kasenga kuleta mahindi na makala (makaa). Mvua zikianza inabaki mjini kubeba sementi na magunia ya bunga (unga): Kampemba, Ruashi, Katuba, popote mteja alipo.

Kabla sijaendelea, wenzetu wa Dar na Nairobi mnielewe, huku mafundi wamejifunza majina kwa Kifaransa. Nikisema segma ni ringi za pistoni. Kusine ni zile beringi za nusu duara. Vilbreke ndiyo krankshafti, bieli ni konrodi, kulasi ni silinda hedi, shemizi ni laina ya silinda, jwenti ni gasketi. Piyesi ni spea.

Mwaka jana moteri ilichoka, nikaifungua yote. Nilinunua seti nzima: pistoni, segma, kusine, jwenti. Maboksi yalikuwa mazuri, yana jina la Kijapani na kibandiko kinachong'aa. Moteri ikafungwa, ikawaka, nikamshukuru Mungu. Haikumaliza miezi mitatu salama. Kwanza oili ikaanza kupungua, nusu lita kwa safari, kisha lita nzima. Moshi wa bluu kwenye mlima ikiwa na mzigo. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili moteri ikinguruma, pumzi inatoka kama ya birika linalochemka. Mwisho taa ya presha ya oili ikawa inawaka kila moteri ikipata moto na kutulia.

Jumamosi tumeifungua tena. Segma za juu zimekwisha, ukizishika zinakata kidole. Kusine za bieli ya pili na ya tatu, lile ganda la kijivu limebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, shaba iko nje. Nimeziweka juu ya meza sebuleni na kila nikipita naziangalia.

Fundi wangu anasema turudi duka lilelile, safari hii tuombe "orijino". Mimi sitaki kununua hasara ileile mara mbili. Nauliza: piyesi za kweli zinapatikana wapi? Hapahapa mjini? Nivuke mpaka wa Kasumbalesa niende Zambia: Chingola, Kitwe, Ndola? Niagize Dar au Dubai? Na mtu anatambuaje piyesi ya kweli akiwa amesimama mbele ya meza ya muuzaji, pesa mkononi?

MwanaKenya_Lshi

(Kenya ya hapa, komini ya Lubumbashi, siyo ya Nairobi.)

Kaka, pole sana. Ushauri wangu ni mfupi: achana na kufufua. Nunua moteri okazio, yaani iliyokwisha kutumika, iliyotoka Japani kupitia Dubai, siku mbili umeifunga, siku ya tatu uko barabarani. Gari likilala mwezi mzima karakana, hasara yake inazidi bei ya moteri.

TurneriMzee

Mwanangu KamyoYaKasenga, nimesoma maneno yako mara mbili. Nimefanya kazi ya turneri, mchongaji wa vyuma, katika karakana za mgodi tangu ujana wangu hadi nywele zikawa nyeupe, kwa hiyo niwie radhi nikisema kama mzazi.

Umetaja pistoni, segma, kusine, jwenti. Hujataja hata kipimo kimoja. Silinda zako zilikuwa milimita ngapi siku mlipofunga segma mpya? Vilbreke ilipimwa na mikrometa? Pistoni zilikuwa za kawaida au za kuzidi 0.50, yaani kubwa kwa nusu milimita? Kama hakuna anayejua, basi tatizo la piyesi bandia lipo, lakini siyo la kwanza.

4D33 ikiwa mpya kiwandani ina kipenyo cha milimita 108 na mwendo wa pistoni wa 115. Moteri iliyotembea miaka mingi haiko tena 108. Silinda huliwa zaidi juu, pale segma ya kwanza inapogeukia, kwa sababu pale pana moto mwingi na oili kidogo. Ukiweka segma ya 108 ndani ya shimo lililopanuka, ncha zake zinaachana, moto unapita katikati yake na kushuka kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya moteri. Hiyo ndiyo pumzi ya birika uliyoiona.

Fanya mambo mawili kabla hujatoa hata faranga moja.

La kwanza, peleka bloku kwa mtu mwenye mikrometa na saa ya kupimia ndani ya silinda, apime mbele yako. Kila silinda sehemu tatu: juu, kati, chini. Kila sehemu mara mbili, kwa urefu wa moteri na kwa kuikata. Hivyo ni vipimo 6 kwa silinda, 24 kwa moteri yako. Viandike kwenye daftari lako wewe, usimwachie fundi.

La pili ni jepesi. Nenda kwenye gari, fungua bomba la hewa linalotoka kwenye filta kwenda moteri. Ingiza kidole ndani, upande wa baada ya filta. Uniambie kimetoka na rangi gani.

KamyoYaKasenga

Mzee, nimetoka garini sasa hivi.

Kidole kimetoka chekundu. Siyo cheusi, chekundu, rangi ileile ya vumbi la njia ya kijijini. Nikavua mpira wote na kuukunja kwenye mwanga: chini kabisa, pale klempu inapobana, kuna mpasuko wa urefu wa kucha. Ukiutazama kutoka juu hauoni kitu. Filta yenyewe ni safi, niliibadilisha, Mungu ni shahidi, lakini hewa ilikuwa haipiti kwake.

Nimekaa chini karibu na gurudumu muda mrefu. Mpira ule bei yake haifiki hata ya segma moja.

TurneriMzee

Ndiyo hivyo. Vumbi letu lina mchanga mgumu ndani yake. Likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia vyuma, na linasaga mfululizo kuanzia Kasenga hadi nyumbani. Hata segma bora kabisa ya Japani isingefika Krismasi. Lakini kusine kubanduka ganda namna ile, hilo siyo la vumbi peke yake. Vumbi huchora mistari na kupachika punje. Ganda linalotoka vipande vipande ni metali ambayo haikushikana na mgongo wake. Kwa hiyo una wagonjwa wawili kitandani kimoja, na lazima uwatibu wote.

Nasubiri vipimo.

DadaWaPiyesi

Hodi jamani. Ninauza piyesi za kamyo ndogo hapa Lubumbashi, duka nimerithi kwa baba. Nimeumia kusoma habari hii kwa sababu wateja wangu wanapitia hivyohivyo, na tukisema ukweli, hata sisi wauzaji tunadanganywa tunakonunua.

Wacha niseme jinsi mimi ninavyochagua mzigo.

Mteja akija na kusema "nipe seti ya Canter", namrudisha nyumbani. Canter ipi? 4D32 na 4D34 zote zina kipenyo cha 104, 4D33 ina 108. Na usidhani 4D32 na 4D34 zinaazimana pistoni kwa kuwa kipenyo ni kimoja: mwendo wa moja ni 105, wa nyingine 115. Nataka namba iliyogongwa kwenye bloku, namba ya shasi, na piyesi ya zamani mkononi. Ukiweza kupata namba ya piyesi ya Mitsubishi yenyewe, ile inayoanza na herufi ME, hapo tumeshafika nusu ya njia.

Halafu kuna daraja. Watu hapa wanajua mbili tu, orijino na ya kichina, na hapo ndipo wanapopotea. Kuna piyesi ndani ya boksi la mtengeneza gari. Kuna piyesi ya kiwanda ambacho kazi yake ni kutengeneza hiyo piyesi: segma za NPR, Riken au TP, kusine za Taiho au NDC, jwenti za Elring au Victor Reinz. Hizi zinafanya kazi sawasawa na bei iko chini. Kuna viwanda vingine vyenye jina lao wenyewe, wanaandika wanakotoka bila kuficha, na baadhi ni vizuri kwa kazi nyepesi. Na kuna mwizi, anayechapa jina la mwenzake. Mwizi ndiye tatizo. Piyesi ya China yenye jina lake halali ni bora kuliko ya "Japani" iliyochapishwa jana usiku.

Kuhusu NPR, niliwahi kuwaona watu wakigombana dukani: jina hilo kwenye boksi la segma ni Nippon Piston Ring, halihusiani na kamyo ya Isuzu NPR. Mtu anaacha segma nzuri kwa sababu gari lake siyo Isuzu!

Boksi mimi siliamini tena, natazama chuma chenyewe. Kusine: geuza mgongo. Alama ya kiwanda na kipimo, STD (ya kawaida) au 025 au 050, vimegongwa vizuri ndani ya chuma, siyo wino unaofutika kwa kidole. Kingo zake laini, hazina vinyweleo. Segma: karibu na pengo kuna alama ndogo, huo ndio upande wa kutazama juu. Kama segma nne za juu zina alama nne tofauti, au mbili hazina kabisa, rudisha. Pistoni: zipime uzito. Ziwe nne sawa, tofauti ya gramu chache tu.

Na mwombe muuzaji aandike kwenye fakture (ankara): "Inarudishwa ikiwa haijafungwa na vipimo havilingani." Akikataa kuandika, nenda duka lingine. Hata kama ni langu.

MwanaKenya_Lshi

Dada umesema vizuri, lakini bado nauliza: haya yote ya nini wakati okazio ipo? Mimi ya kwangu ina miaka miwili.

TurneriMzee

Na jirani yako? Sikatai okazio. Kuna nzuri. Lakini unanunua moteri ambayo historia yake hakuna anayeijua, na dukani wanakuwashia dakika tano tu. Ukitaka kwenda njia hiyo, nenda alfajiri kabla hawajaipasha moto. Moteri ya dizeli yenye silinda zilizochoka inajificha ikiwa ya moto, ikiwa ya baridi inasema yote. Pima mgandamizo wa silinda zote nne, tofauti kati yake ikuambie. Tazama boliti za kulasi: zikiwa na alama za spana, mtu ameshaingia humo. Fungua kifuniko cha oili, nusa. Harufu ya kuungua usiipuuze.

Kwa KamyoYaKasenga, bloku ni yake, anaijua, haijapasuka. Kufufua kuna faida.

MwanaKenya_Lshi

Sawa Mzee, hiyo ya alfajiri sikuijua. Yangu niliiona saa nane mchana.

Kijana_Likasi

Samahani naingilia. Mimi nina kamyo ndogo ya Isuzu yenye moteri 4JB1, ile ya kipenyo 93 na mwendo 102. Fundi anataka kukwangua silinda kwa mawe halafu aweke segma mpya tu. Ni sawa?

TurneriMzee

Hapana, mwanangu, msimamishe leo. Shemizi za 4JB1 ya Isuzu ni nyembamba na ndani zimepakwa kromu. Hazichongwi wala hazikwanguliwi. Zikiisha unazitoa na kuweka nyingine. Akipitisha mawe ataondoa kromu, na segma zako zitatembea juu ya viraka. Na ukifunga kulasi, kumbuka jwenti za moteri hiyo zina unene tofauti, kuna alama pembeni. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Usichukue yoyote iliyopo dukani.

Kijana_Likasi

Nimempigia simu sasa hivi. Alikuwa ameshashika mashine mkononi. Aksanti sana, Papa.

MsafiriWaTunduma

Mimi ni dereva wa maroli marefu, Dar hadi Lubumbashi, kupitia Tunduma na Nakonde, Zambia yote, Kasumbalesa. Nimewaletea watu wengi piyesi kutoka Kariakoo.

Kariakoo kuna kila kitu, cha kweli na cha uongo, mlango kwa mlango. Usimtume mtu kwa maneno. Tuma picha ya piyesi ya zamani pande zote, namba, na vipimo vilivyoandikwa. Mwambie kabla hajalipa akupigie picha ya video akigeuza kila piyesi mkononi, siyo boksi. Seti ya segma na kusine ni mzigo mdogo, hubebeka, lakini idai fakture yenye muhuri. Ukifika Kasumbalesa, DGDA, watu wa forodha ya Kongo, watataka kuona thamani, na ukiwa na karatasi unapita kwa utulivu. Nilishaona mtu akilipia pistoni nne kama kontena kwa kukosa kipande cha karatasi.

Kitwe na Ndola mimi napapenda zaidi kwa kazi ya kuchonga kuliko kwa kununua. Migodi ya kule imelea mafundi wa vipimo, kama hapa kwenu.

KamyoYaKasenga

Vipimo vimepatikana. Mzee mmoja wa karakana alipima taratibu, anasoma kwa sauti, mimi naandika. Sikuwahi kusimama karibu na mtu anayepima hivyo. Anafuta silinda, anafuta kifaa, anasoma, anarudia.

Silinda ya kwanza: juu 108.27, chini 108.05. Ya pili 108.30 na 108.06. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, 108.34 juu. Ya nne 108.25. Vilbreke: shingo mbili za bieli siyo duara tena, upande mmoja umeliwa 0.06 kuliko mwingine.

Nikamwuliza: mwaka jana, je, shimo lingekuwaje? Akasema vumbi la miezi mitatu halili kiasi hicho chote, nyingi ya tofauti hiyo ilikuwepo. Maana yake segma za 108 zilitiwa ndani ya shimo ambalo lilikuwa limeshapita 108, na hakuna aliyepima. Nimempigia fundi wangu. Hakukana. Alisema mwenye gari, yaani mimi, nilimwambia ifungwe upesi kwa sababu mahindi yalikuwa yananisubiri. Ni kweli, nilimwambia hivyo.

TurneriMzee

Asante kwa kusema wazi. Sasa njia iko nyeupe.

4D33 ina shemizi kavu, zisizoguswa na maji ya kupoza. Kwa 108.34 una mambo mawili: kuchonga na kwenda kipimo cha kuzidi, au kusukuma shemizi mpya na kuzichonga zirudi 108. Ningekuwa wewe ningeweka shemizi mpya, kwa sababu pistoni za kawaida ndizo rahisi kupata zikiwa za kweli. Vipimo vya kuzidi huwa adimu, na kitu kikiwa adimu ndipo mwizi anapochapa boksi.

Sikiliza mpangilio, huu watu wengi wanaugeuza. Pistoni zinanunuliwa KABLA ya kuchonga. Unazipeleka kwa turneri, anazipima moja moja, kisha anachonga kila silinda kwa ajili ya pistoni yake na kuacha nafasi inayotakiwa. Kusine ni kinyume chake: kwanza vilbreke inasagwa, turneri anakuambia imefika 0.25 au 0.50, ndipo unanunua kusine ya kipimo hicho. Ukinunua kusine mapema unamlazimisha turneri asage kufuata boksi lako.

KamyoYaKasenga

Nimekwenda kwa DadaWaPiyesi. Nimekuta seti mbili za pistoni, zote zinafanana kwa macho. Alinituma nizipime kwa jirani yake mwenye duka la dawa, wana mzani mdogo wa umeme. Seti ya kwanza: moja ilizidi nyenzake gramu 14. Seti ya pili, nne zote ndani ya gramu 2. Dada alikuja kusoma mwenyewe kwenye mzani, akachukua ile seti ya kwanza akaitoa kwenye rafu kabisa na kuandika juu ya boksi kwa kalamu nyekundu. Aliniambia atamrudishia aliyemletea. Nimeheshimu sana jambo hilo.

Jwenti ya kulasi, segma, pistoni na shemizi nimepata hapahapa. Kusine nasubiri vilbreke.

DadaWaPiyesi

Aksanti kaka. Seti ile imeshaondoka.

Kwa wanaosoma na mfuko mdogo: usibane matumizi kwenye segma, kusine, jwenti ya kulasi na filta. Hapo toa pesa. Pa kuokoa papo: bieli za zamani zikipimwa na kuonekana zimenyooka zinarudi. Vifuniko, mabano, puli, hata pompa ya oili ikiwa meno yake hayajaliwa, inarudi. Mtu ananunua pompa ya maji ya kung'aa halafu anaweka kusine ya bei ya sambusa.

KamyoYaKasenga

Wiki ya tatu. Vilbreke imesagwa 0.25. Kusine zimekuja na ndugu yetu MsafiriWaTunduma kutoka Dar, fakture juu. Mgongoni zimegongwa 025, zimefungwa karatasi ya oili. Zikiingia kwenye kiti chake zinabana zenyewe, ukigeuza bieli chini haidondoki. Zile za mwaka jana nakumbuka fundi alizishikilia kwa grisi.

Tulipima nafasi kwa ule uzi laini wa plastiki: unaweka kipande juu ya shingo ya vilbreke, unafunga kwa spana ya kipimo, unafungua, unaangalia ulivyolala bapa na kulinganisha na karatasi yake. Zote ziko ndani.

Segma tuliingiza moja moja ndani ya silinda tupu, tukaisukuma kwa kichwa cha pistoni inyooke, tukapima pengo. Mzee wa karakana ana kanuni ya mkono, 0.30 hadi 0.40 kwa kila milimita 100 za kipenyo, kwa hiyo kwetu kama 0.32 hadi 0.43. Kitabu cha moteri kikisema tofauti, kitabu ndicho. Tulipata kati ya 0.35 na 0.40 silinda zote.

Halafu kuosha. Hili nataka kulieleza vizuri maana mwaka jana tuliosha kwa petroli na kupuliza hewa, tukadhani tumemaliza. Baada ya kuchonga na kukwangua, unga wa mawe unabaki ndani ya ile mistari ya msalaba, petroli inaupitia juu tu. Unatoka kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia na brashi. Mke wangu alichemsha maji kwenye sufuria ya bukari (ugali) ya sherehe, tukasugua sisi wawili uani. Kisha unakausha upesi, unapaka oili safi, unapangusa kwa kitambaa cheupe. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka kijivu. Mara ya pili kijivu. Mara ya tatu kijivu hafifu. Fundi akasema inatosha. Mke wangu akasema haitoshi, akaweka maji mengine motoni. Mara ya tano kikatoka kama kilivyoingia. Matundu ya oili ya vilbreke nayo tulipitisha brashi nyembamba na waya, tukakuta chembe za chuma.

TurneriMzee

Mpe mama watoto salamu zangu. Angekuwa karakana yetu angekuwa bosi.

Siku ya kuwasha: zungusha kwa stata bila kuipa dizeli mpaka taa ya presha izime, ndipo uiachie iwake. Usiiache ikinguruma tupu saa nzima kama watu wafanyavyo. Segma zinahitaji kazi ili zikalie ukuta. Itembeze na mzigo wa wastani, panda na kushuka mwendo, usiibane sana wala usiibembeleze. Oili ya 15W-40 nzuri, iliyofungwa kiwandani, siyo ya kuchota kwenye pipa. Kilomita 500, imwage yote na filta yake.

KamyoYaKasenga

Imewaka Jumanne saa moja asubuhi, mara ya pili ya kuzungusha. Majirani walitoka. Moshi mweupe kidogo, kisha ukaisha. Nilifungua kifuniko cha oili ikinguruma, nikaweka kiganja: pumzi ndogo tu, ya kawaida.

Kilomita 500 nimemwaga oili. Ilikuwa na mng'ao kidogo, mzee wa karakana akasema ni wa segma kukaa mahali pake. Nikafunga nyingine.

Kijana_Likasi

Mukubwa, mbona kimya? Tupe habari, moteri inaendeleaje?

KamyoYaKasenga

Samahani, nilikuwa njiani. Jana nimefika na mahindi, nimetimiza kilomita 1,150. Kijiti cha oili hakijashuka hata nusu ya alama. Taa ya presha imelala hata moteri ikiwa ya moto kwenye foleni ya kupakua.

Kila Jumapili kabla ya ibada nafungua bomba la hewa na kuingiza kidole. Hadi sasa kinatoka safi. Fundi wangu ni yuleyule, amenunua mikrometa yake, na mzee wa karakana anamfundisha kuisoma jioni.

DadaWaPiyesi, niwekee mpira mwingine wa bomba la hewa na klempu mbili za akiba. Nitapita Jumatatu asubuhi kabla sijapakia.